Nta ya Masikio na Njia ya Buganguzi

Senene kwanza

Nilipokuwa mtoto ambaye hata meno ya pili hayajaota, senene walishuka kwetu alfajiri moja, wengi, migomba ikawa inatikisika. Mama alitoka na kikapu akaokota hadi jua likapanda. Kisha akaketi kuwanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akafunga vifurushi viwili katika jani la mgomba. Kimoja cha baba. Kingine nilijua ni changu, maana nilikuwa nimekaa karibu na mafiga tangu asubuhi nikimeza mate. Akampa kaka yangu Leonsi, kwa sababu Leonsi alikuwa ametoka kuumwa homa. Leonsi alikula polepole, mmoja mmoja, huku ananitazama. Mimi sikulia. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikauvunja mtungi wa maji wa mama. Hakuna aliyejua ni nani. Sasa mnajua ninyi.

Wengine wana pumu, wengine wana mgongo. Mimi ugonjwa wangu ni wivu, na nimeuzoea kama mtu anavyozoea kidole kilichopinda. Nilimwonea wivu Leonsi kwa senene, nikamwonea kwa kaptula ya komunyo, nikamwonea hata kwa jeneza, maana alipokufa alililiwa na watu wengi kuliko nitakavyoliliwa mimi.

Lakini nilitaka kusema juu ya sauti. Kundi la senene likitua linalia, kiiii, bila kuvuta pumzi. Sauti hiyo imo kichwani mwangu hata sasa ninapoandika, zaidi sikio la kushoto. Haikuletwa na senene. Ililetwa na pikipiki, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Kitendaguro, kabla ya kuwasha

Ninyi wenzangu mnaokunywa nami lubisi yetu ya ndizi siku za Jumapili mmeniuliza kwa nini nilitoka hapa Kitendaguro nimepakiwa kwenye pikipiki, nikarudi kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, bila mke na bila kibuyu. Nimekuwa nikiwajibu kwa kukohoa. Sasa madarasa ya watu wazima yamenipa mkono wa kuandika. Mwalimu anasema herufi zangu zinayumba kama zimetoka kilabuni, lakini zinasomeka. Someaneni.

Mke wangu Adventina, Mama Domina, alikuwa amerudi kwao Buganguzi. Hiyo kwetu mnaijua. Mke akichoka anabeba mkeka wake anakwenda kwao, mume anamfuata na pombe, anakaa mbele ya wakwe, anaambiwa kosa lake, anaomba, wanarudi wote wawili. Si aibu kubwa kama mume akifanya haraka. Mimi sikufanya haraka. Nilikaa miezi miwili nikingoja anikumbuke. Nikawa namenya ndizi mwenyewe, na maganda yangu yalikuwa manene hivi kwamba mbuzi wa jirani walinipenda sana.

Nilidhani najua kilichomwondoa. Nilidhani ni Anatoli.

Anatoli mnamfahamu, lakini hamumfahamu kama mimi. Sisi ni majirani, na ni wa rika moja. Zamani, kabla ya bendera kubadilishwa, tuliajiriwa siku moja na mnunuzi mmoja wa kahawa pale Bukoba tuwe matarishi wake. Kila mmoja alipewa pikipiki. Kazi ilikuwa kupeleka barua na kurudisha vifuko vya kahawa ya kuonja, Muhutwe, Kagoma, Muleba, hadi Nshamba. Miaka kumi na mitatu. Tulikuwa vijana, wasichana walitoka kwenye vibanja, mashamba yao ya migomba, kututazama, na mimi nilitoboa bomba la moshi makusudi ili pikipiki yangu ingurume kuliko ya Anatoli.

Pikipiki zetu zilitengenezwa na Fundi Athumani, Mswahili wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani. Yeye mwenyewe alikuwa kiziwi nusu. Alitukalisha siku moja kwenye debe akatuambia: "Vijana, mnadhani injini ndiyo inayokula masikio? Injini inakula kidogo. Mla masikio ni upepo. Ukikimbia sana, upepo unakupiga ngumi sikioni siku nzima, na wewe huoni damu." Akachukua pamba, akaikanda na nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo, akafinyanga vitu kama punje za kahawa mbichi, akatupa kila mmoja viwili. Tuvibane taratibu masikioni kila tukipanda, tuvitoe tukishuka, na tusivitumie vikiwa vichafu.

Anatoli alivaa. Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta. Ninyi mnajua kwetu ni nani anayeziba masikio kwa pamba. Ni mama aliyetoka kujifungua, asiingiwe na baridi. Nikamwambia Anatoli, "Hongera, mae, mama mzazi, umepata mtoto gani?" Nilimwita mzazi miaka kumi na mitatu. Kila asubuhi nilimuuliza kama maziwa yametoka. Yeye alikuwa anatabasamu, halafu anabana nta yake, anawasha.

Basi leo Anatoli anasikia panya akipita juu ya dari. Mimi sauti nene bado nazisikia, ngoma, ng'ombe, mwanamume anayesema kwa kifua. Nyembamba ndizo zilizoondoka. Kwanza waliondoka ndege. Kisha ikaondoka kengele ndogo ya misa. Kisha akaondoka mke wangu, ambaye ana sauti ndogo tangu usichana, na ndiyo iliyonifanya nimpende.

Sikumwambia. Angesema nini, mume wake amekuwa gogo? Nikajifunza kuitikia. Midomo yake ikisimama, mimi nasema "eeh" au "vizuri." Nilikuwa fundi wa kuitikia. Lakini kwa Anatoli mke wangu hakuhitaji kungoja. Akipita njiani na maji, anasema jambo, Anatoli anajibu kutoka ndani ya migomba, na mke wangu anacheka. Nilikuwa nauona ule mdomo unacheka. Nikawa nasimama na jembe langu, kiiii kichwani, nikijaribu kufikiri ni neno gani. Mwanamume anaweza kunyang'anywa shamba, anaweza kunyang'anywa ng'ombe. Mimi nilinyang'anywa maneno ya mke wangu, nikamwona mwingine anayapokea bure.

Halafu nikawaona barazani kwa Anatoli na karatasi. Yeye Anatoli anasoma, Adventina analia, kichwa karibu na kichwa. Nilirudi nyuma kwenye kahawa kama mwizi katika kibanja changu mwenyewe. Jioni ile alimenya ndizi huku ananiambia kitu, kirefu, hakuniangalia usoni. Nikasema, "Vizuri. Vizuri sana." Nikauliza kama maharage yameiva. Baada ya siku nne akabeba mkeka.

Mtauliza, kwa nini basi nilimchukua Anatoli kwenda naye? Kwanza, mtu haendi kwa wakwe bila msemaji. Pili, pikipiki anayo yeye. Tatu, na hili ndilo la kweli, nilitaka nione macho ya Adventina atakapomwona.

Kitendaguro hadi Kemondo

Tuliondoka jua linachomoza. Kibuyu cha lubisi nilikifunga mgongoni kwa kitenge, kizibo cha majani ya mgomba, kila shimo kikinipiga mbavu. Kabla ya kupanda Anatoli alinipa vipande viwili vya nta na pamba, vipya, bado vina joto la mkono wake.

"Vaa, Kajuna. Leo si siku ya kiburi. Ukifika kwa wakwe na masikio yanalia, utamsikia nani?"

"Mimi nasikia."

"Najua unasikia. Vaa ili uendelee."

Nikavaa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuniona zaidi ya mbuzi. Ndugu zangu, nitasema ukweli hata kama unaniuma. Nilidhani nitazama kwenye ukimya kama mtu aliye chini ya maji. Haikuwa hivyo. Ule mvumo wa upepo ulipungua, na ndani yake vitu vikabaki vimesimama wazi. Nikamsikia Anatoli akiniambia niegemee tukikata kona. Nikasikia honi ya lori la ushirika nyuma yetu kabla sijaliona. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nasubiri malori yanikaribie mgongoni ndipo nijue. Nikaanza kuhesabu kichwani vitu ambavyo Anatoli alivisikia kwenye barabara hii hii wakati mimi nilikuwa nasikia upepo tu, na wivu ukanipanda kooni kama kiungulia.

Kemondo kulikuwa na kizuizi. Mgambo walikuwa wanatafuta kahawa ya magendo. Mmoja, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akatuamuru tushuke. Akamwona Anatoli ana vitu masikioni.

"Ndugu! Serikali inazungumza na wewe umeziba masikio?"

"Nakusikia vizuri, ndugu. Hii ni kinga ya upepo."

"Toa. Kinga ya upepo! Kesho utaniambia una kinga ya kodi."

Wenzake wakacheka. Wakafungua kibuyu changu, wakanusa, mmoja akataka kuonja, nikamwambia ni cha wakwe. Wakakiheshimu. Lakini ile nta ikawa kesi. Ikapita mkono kwa mkono, ikakandwa, ikanuswa, wakaijadili kama waliokuta risasi. Anatoli akawaeleza, polepole, kwa ile sauti yake ya ukatekista, anayofundishia dini kanisani, jinsi upepo unavyoharibu. Yule wa kaptula akasema mjomba wake anaendesha pikipiki ya misheni na sasa redio anaifungua hadi ng'ombe wanakatika kamba. Basi! Dakika ile ile Anatoli akawa ndugu yao. Wakamletea kigoda. Wakamwuliza pamba kiasi gani, nta kiasi gani. Mimi nilisimama juani na kibuyu. Tulikaa pale hadi umande ukakauka, kwa sababu ya darasa la nta.

Tulipokuwa tunapanda tena nikamwuliza, ili tu niseme kitu, "Nta yenyewe umeipata wapi? Dukani hakuna hata sabuni."

"Kwa Mama Domina," akasema. "Alinipa bonge kutoka mzinga wenu."

Alisema hivyo hivyo, kama anayetaja mvua. Mzinga ule niliuchonga mimi. Niliupandisha mimi kwenye mti, nikaumwa jicho likavimba siku tatu. Na nta yake imetoka nyumbani kwangu, imepita mkononi mwa mke wangu, imeingia masikioni mwa Anatoli. Akawasha kabla hajamaliza kusema. Nilimwona anageuza kichwa, anaongeza maneno, lakini mimi nilikuwa nimeshavitoa vile vipande. Nikavitupa kwenye majani upande wa ziwa, kwa nguvu zote.

Kemondo hadi Kagoma

Upepo ulinikuta masikio wazi. Shingo ya kibuyu ikawa inapiga mluzi, na pikipiki ya Anatoli ina bomba lililokaribia kuoza, afadhali mara mia ningekaa ndani ya ngoma. Senene wa kichwani wakaamka. Nikaumeza uchungu wote ule nikasema kimoyomoyo, uniumize tu, angalau huu ni wangu.

Muhutwe tulikula. Kulikuwa na mama mmoja anayepika kando ya barabara, kibanda cha nyasi, sufuria moja. Ndizi zimechanganywa na maharage na samaki mkavu, chumvi kidogo maana chumvi nayo ilikuwa shida. Nitaisifu ndizi ile hadi kufa. Ilikuwa laini, imeshika harufu ya moshi, haikupondwa ovyo kama za huko mjini. Lakini sikuifaidi. Yule mama alikuwa ananong'ona, au mimi nilimwona ananong'ona, na Anatoli anamjibu, wanacheka, wanageuka wananitazama.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama mzee mwenzangu angependa mchuzi zaidi."

"Ndilo linalochekesha hilo?"

"Anasema unaikodolea ndizi macho kama imekukosea."

Sikuamini. Nikasukuma sahani. Mpaka leo nawaza walisema nini, na mpaka leo naitamani ile ndizi niliyoiacha.

Karibu na Kagoma tairi la nyuma likaingia msumari. Tukasukuma hadi penye kivuli cha mibuni. Anatoli ana vifaa vyake vyote kwenye kopo, viraka, gundi, pampu. Alipiga magoti, akafungua tairi, na akiwa ameinama hivyo, hanitazami, akaanza kusema kwa kupaza sauti, kama mtu anayemjua mtu wake.

"Umevitupa."

"Vimeanguka."

"Kajuna, waitu, ndugu yangu, nilikuona kwenye kioo. Sasa nisikilize. Ile nta Mama Domina alinipa nikutengenezee wewe. Si mimi. Mimi ninayo yangu. Alisema, nikimpa kwa mkono wangu ataona namwita kiziwi, kwa hiyo mtengenezee wewe uliye mwenzake wa pikipiki."

"Amejuaje kuhusu masikio?"

"Mnalala nyumba moja miaka thelathini na tano, unamwuliza mtu amejuaje?"

Hapo palikuwa mahali pa mimi kunyamaza, au kumshika bega. Najua. Ninaandika na ninajua. Lakini nilichosikia mimi katika yote yale ni kwamba mke wangu na mwanamume mwingine walikaa wakazungumza juu ya masikio yangu. Walinijadili kama ng'ombe mgonjwa. Nikauliza, "Na barua? Ile nayo ilikuwa ya masikio?"

Anatoli akaacha pampu. "Barua si yangu kuisema. Atakwambia mwenyewe leo. Ndiyo maana nilitaka usikie."

Akatoa vipande vyake yeye kutoka masikioni, akavifuta kwenye shati, akaninyooshea. Nikatazama ziwa.

Kagoma hadi Muleba, na kupanda Buganguzi

Hapa sina mengi. Vumbi, moramu, vilima. Muleba kulikuwa na mkutano wa kuhamasisha watu wahamie kijiji cha ujamaa, kipaza sauti kimefungwa kwenye mti, nasi tukazuiwa upande wa pili wa uwanja hadi wimbo uishe. Wimbo ulikuwa na beti nyingi. Anatoli alitikisa kichwa kwa kufuata maneno, mimi nikasikia tu kitu kama mashine ya kukobolea kahawa.

Tukaacha barabara kubwa tukapanda kuelekea Buganguzi. Vibanja vimeshikana, migomba juu, kahawa chini, watu wanatupungia mkono. Kila mtu alitusalimu, na mnajua salamu zetu haziishi kwa neno moja. Anatoli alipunguza mwendo kila mahali akajibu. Mimi nilinyanyua mkono tu. Nilipowatazama nyuma niliwaona wanaulizana yule wa nyuma ni nani anayenyima salamu.

Nyumbani kwa Taata Pastori

Tulifika saa tisa alasiri. Injini ilipozimwa haikuzimika kwangu. Niliteremka, ardhi inatetemeka, kichwa kinalia kiiii, na watu wote wakiwa wanafungua na kufunga midomo.

Taata Pastori ni kaka mkubwa wa Adventina, na tangu baba yao afariki yeye ndiye mwenye nyumba, ndiyo maana anaitwa Taata, baba. Mtu mrefu, mpole, sauti nene, Mungu ambariki kwa hiyo sauti. Ndani walitandika nyasi mpya. Tukapewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo cha ukindu, tukatafuna. Kibuyu changu kikapokelewa. Wazee watatu wa ukoo wakakaa upande mmoja, wanawake nyuma. Adventina akaingia, akaketi kwenye mkeka karibu na nguzo, kitambaa kipya kichwani. Nilimtazama macho. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kwa ajili ya macho yale. Hakumtazama Anatoli hata mara moja. Alinitazama mimi. Na je, mnadhani nilifurahi? Nilisema moyoni, wamekubaliana asimtazame.

Taata Pastori akasema, "Mkwe, umekuja vizuri. Nyumba hii ina utaratibu wa marehemu baba. Mke atasema kilichomleta. Wewe hutajibu kwanza. Utayarudia maneno yake kwa kinywa chako, tujue yamekufikia. Kisha utajibu, na ukijibu vizuri mtaondoka wote kesho asubuhi. Sisi hatuna ugomvi na wewe."

Nikasema sawa. Sikuwa nimewahi kuujua utaratibu huo.

Adventina akaanza. Alisema kwa muda mrefu. Mikono yake ilikuwa mapajani, haikucheza. Mara moja aligusa tumbo. Mwanamke mmoja nyuma akajifunika uso na khanga. Mzee mmoja akaacha kutafuna. Nikainama mbele kama mtu anayefikiri sana, nikageuza sikio la kulia, nikashika pumzi. Kiiii. Kama siku ile mama alipokaa na kikapu, kiiii tu, na mdomo wa mke wangu ukifunguka katikati ya ile sauti.

Akanyamaza.

"Mkwe," Taata Pastori akasema. "Rudia."

Nikasema, "Nimesikia. Ni maneno mazito."

"Ndiyo. Rudia."

"Ni maneno ya nyumbani. Mimi na yeye tutayazungumza."

Wazee wakatazamana. Anatoli akaniegemea, mdomo sikioni, akasema kwa chini, lakini kwa kifua ili nimpate: "Sema husikii. Neno moja tu, mwenzangu. Sema masikio yamekufa, hawatakucheka. Atasimama hapo hapo aje akae karibu nawe."

Nilijua ni kweli. Lilikuwa neno dogo. Lakini ningelisema mbele ya wakwe, mbele ya wanawake wale, na Anatoli ameketi kando yangu na masikio yake mazima, aliyoyatunza wakati mimi namwita mzazi. Nikasema, "Wewe ndiye msemaji wangu. Rudia wewe."

Anatoli akafunga macho. Kisha akarudia, kwa sauti ya kunifikia, na nyumba nzima ikasikia mara ya pili.

"Anasema Domina aliandika kutoka Mwanza. Mtoto aliyekuwa tumboni mwake ametoka amekufa, mimba ya miezi saba, mvulana, naye Domina karibu afe. Anasema wewe barua za mwandiko wa kuunganisha herufi hukuwa unaziweza, akaileta kwangu nikamsomea. Anasema jioni akakwambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ni mjukuu wako. Ukamwambia vizuri. Ukasema vizuri sana. Ukaomba maharage. Anasema anajua masikio yako yana shida, amejua miaka mingi, hilo halimchukizi. Linalomchukiza ni kwamba hukumwambia 'sikusikia.' Anasema kama ungemwambia hivyo hata mara moja, angesema kwa kelele maisha yake yote. Anataka uliseme hilo leo, kisha mwende nyumbani, mkamwone Domina huko Mwanza."

Nilikuwa sijui. Wallahi, kama asemavyo Fundi Athumani, sikuwa najua. Mjukuu wangu, na mimi nimekula maharage.

Kila mtu aliye na moyo angelia pale, na machozi yalikuja, nayaapia. Lakini niwaambie kilichokuja kabla ya machozi, kwa kuwa niliahidi ukweli. Kilikuja hiki: kwamba habari ya damu yangu imepita kinywani mwa Anatoli mara mbili. Mara ya kwanza kwa mke wangu, mara ya pili kwangu. Kwamba maneno yake Adventina, hata ya uchungu, hata ya kunisamehe, nimeyapata yakiwa yametafunwa na mtu mwingine, kwa sauti ya kiume, yenye pumzi ya kahawa.

"Umesikia sasa, mkwe?" akauliza Taata Pastori.

"Nimesikia."

"Jibu."

Nikasimama. Nikasema, "Basi mwozesheni Anatoli. Ndiye mwenye masikio."

Nikaona nyuso zinavyobadilika, moja baada ya nyingine, kama taa zinazozimwa. Anatoli aliinuka nusu, mkono mbele, kama anayetaka kumshika mtu asianguke. Nilimpita. Nikainama mlangoni, nikatoka uani, nikapita pikipiki bado ina joto.

Nilikuwa nimefika kwenye mibuni ya kwanza. Ndipo Adventina, ambaye hajawahi kupaza sauti tangu nimfahamu, ambaye hata siku ya kumzaa Domina aliuma kitambaa, akatoka mlangoni akapiga kelele. Kelele ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. "Kajuna! Rudi ukae!"

Nililisikia. Lilifika lote, halikukatika hata kidogo, nalo lilikuwa la kwake mwenyewe.

Akaita tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, hadi sauti ikapasuka. Hilo nalo nililisikia. Nikaendelea kutembea, nikapita mibuni, nikapita mti wa mpaka wa kibanja chao, nikashika njia ya Muleba. Kahawa imevunwa mara mbili tangu siku hiyo, na Buganguzi sijakanyaga tena.